Mama Peres Anakwenda Kupumzika

Ukitaka kumwona mtu mzima akishtuka, mpigie simu kwa namba ya Peres Nafula. Mtu wa kawaida akipigiwa husema haloo. Akipigiwa na Peres husema, "Nani?" Si kwamba hamjui anayepiga. Anamjua sana, na anachouliza ni nani amekufa.

Peres ni jirani yangu wa kazi. Mimi nina saluni ndogo nyuma ya soko la Kangemi, yeye ana stoo mlango unaofuata, anakodisha hema, viti na sufuria kubwa. Mlangoni ameandika "Vifaa vya Sherehe" kwa rangi ya samawati, na rangi hiyo inang'aa kuliko biashara yenyewe, maana sherehe hazimfikii. Sisi tuliotoka Bungoma na Kakamega na Vihiga kuja kutafuta maisha Nairobi tuna sababu moja tu ya kukodi basi. Mtu wetu akifa huku, tunamrudisha kwao. Na hakuna anayejua kumrudisha mtu kwao kama Peres. Ataunda kamati kabla mjane hajapangusa macho. Atapata basi, atapata mpishi, na siku yenyewe atamketisha mjomba anayetaka kuhutubia mara ya pili. Nimemwona kwa macho yangu akimnyang'anya mchungaji maikrofoni kwa heshima kiasi kwamba mchungaji mwenyewe alisema asante.

Usimdhanie kuwa mtu wa huzuni. Ni mwanamke mnene mchangamfu, kilemba chake cha njano unakiona kutoka mbali, na akicheka wateja wangu huinua vichwa kutoka kwenye beseni. Anaishi Mountain View, mtaa wenye jina la mlima na ambao ukifungua dirisha unaona Waiyaki Way. Alikuwa akitania kwamba aliyeupa mtaa ule jina alikuwa na macho makali au dhambi ya uongo ya kuungama kanisani.

Mwezi wa pili mwaka huu, nikimsuka, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kamati ya kwanza aliyowahi kuongoza ilikuwa ya mumewe. Walimzika Kimilili, na Peres alikuwa ameketi kwenye kiti cha mjane, kichwa kimeinama, akiwaza kama chakula kitatosha. Alipoinua kichwa mawingu yalikuwa yameondoka na Mlima Elgon umesimama pale mbele wote, msitu na majabali, na ukampendeza. Aliona haya. Siku ya kumzika mume wake, moyo ukaenda kupenda mlima. Akaapa kwamba atarudi kuutazama vizuri siku ambayo hakuna aliyekufa.

"Na sijawahi kurudi, Rael," akaniambia. "Nimeuona huo mlima miaka hii yote, lakini kila mara iko maiti mbele yangu."

Nilimwambia basi aende. Nilisema hivyo hivyo tu, kama mtu anavyosema, huku nikitafuta kitana. Peres akageuka kwa ghafla hata nikabaki na nywele mkononi, akasema tutaenda, mimi na yeye na watu wetu wote, siku tatu, na kiongozi wa mlimani wa kutupitisha, na hakuna mtu ataruhusiwa kulia. Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya saluni, ambayo mara nyingi huishia saluni.

Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha pata kiongozi. Anaitwa Fidel, mwenyeji wa kule Endebess, kazi yake ni kuwatembeza wageni katika mbuga ya mlimani. Peres alimpigia simu mbele yangu, sauti imefunguliwa wote wasikie, kisha akamhoji jinsi anavyojua kuhoji. Basi litafika mpaka mlangoni au litakwama? Mvua ikinyesha watu watakaa wapi? Maji ya kupikia yapo? Alimweleza kwamba tunakuja watu wa basi zima, tutalala huko, tutakuja na sufuria zetu na hema moja la akiba. Fidel akajibu yote kwa adabu. Halafu akashusha sauti.

"Pole sana, mama. Ni nani ametuacha?"

Nililazimika kutoka nje nikacheke huku nimeshika ukuta. Nilipoingia tena Peres bado alikuwa anamweleza yule kijana kwamba hakuna aliyetuacha, kwamba tunataka tu kuona. Kuona nini, akauliza Fidel, maana wateja wake ni Wazungu na wanafunzi, si kina mama wenye sufuria. Kuona hicho mnachowaonyesha wengine, akajibu Peres. Hapo kijana akachangamka. Akapanga siku zote tatu pale pale kwenye simu: ya kwanza kufika na kutembelea lile pango ambamo ndovu huingia kulamba chumvi ukutani, ya pili kupita msitu wa mianzi kupanda mpaka penye upepo, ya tatu maporomoko ya maji na kurudi. Peres alikuwa akirudia kila neno kwa sauti. Aliposikia habari za ndovu wanaolamba ukuta alinishika mkono akauminya mpaka pete ikanikata.

Basi tukawa na mlima, tukawa na kiongozi, na basi la Gurdeep. Gurdeep ni Singasinga anayekaa Muthangari, ana mabasi ya kukodi, na kwa miaka mingi ndiye aliyewasafirisha marehemu wote wa Peres. Wanaheshimiana sana hao wawili. Peres alipompigia, Gurdeep alisema pole hata kabla hajaambiwa tarehe, kisha akasema basi ni lako, mama, ila unihakikishie kufikia Jumatano, kuna watu wengine wanaliulizia.

Kilichokosekana kikawa ni watu. Ndipo ile namba ilipoanza kutusumbua. Peres alikaa kwenye kiti changu cha wateja akapiga simu moja baada ya nyingine, na kila mara nikasikia kutoka upande wa pili ile sauti ya woga, "Nani?" Akisema hakuna mtu amekufa, wanamwambia asiwafiche, waambie tu, wameketi. Mmoja alianza kulia akamtaja babake mgonjwa kwa jina. Mwingine alikata simu akaenda kupiga nyumbani kote kuhesabu watu wake. Na waliomwelewa ndio waliokuwa wagumu zaidi. Nitamwambia nini mdosi, wakauliza. Msiba anaujua, anakupa ruhusa na kukupa pole juu. Lakini umwendee umwambie unataka siku tatu ukaangalie mlima?

Everlyn ndiye aliyemkata maini. Everlyn anakaa Waithaka, anauza mitumba, na wao wawili walifika mji huu mwaka mmoja wakalala kitanda kimoja mpaka walipopata kazi. Katika kila kamati ya Peres yeye ndiye mweka hazina. Peres alikuwa na hakika naye mpaka akamwekea siti ya mbele, karibu na dirisha.

"Peres, mimi siwezi," Everlyn akasema kwenye simu. "Kwani huko nani ananingojea? Nifunge kazi nikaangalie mawe? Watu watasema tumepata pesa ya wizi."

Peres alisema sawa, akaweka simu mapajani. Saluni yote iliona vibaya. Jumatatu ikafika tukiwa watatu: yeye, mimi, na ndugu yake Nashon, ambaye hajawahi kukataa safari yenye sufuria. Kesho kutwa Gurdeep angelitoa basi kwa wengine. Peres akaniambia labda ni kweli, labda yeye aliumbwa kuita watu kwenye kilio tu, na siku atakayoita kwa furaha hakuna masikio ya kumsikia. Alisema kwa utani, lakini mimi namjua. Niliumia.

Nikamwambia tutengeneze tangazo zuri lenye picha, watu wakiona mlima watavutika. Akafufuka kidogo. Simu yake haikuwa na chaji, kwa hiyo tukatumia yangu kumwandikia Ngui, Mkamba mwenye duka la kuchapisha pale barabarani. Peres akatamka, mimi nikaandika. Alitaka maneno yenye heshima na ya kuita watu bila kuwatisha. Hakutaka neno mlima lianze, kwa kuwa mlima ndio unaowakimbiza. Akataka lianze neno la starehe. Tangazo likawa hivi:

"Baada ya miaka mingi ya kuwahudumia wengine, Mama Peres Nafula anakwenda kupumzika. Safari ni Ijumaa hii asubuhi kuelekea Mlima Elgon. Jamaa na marafiki wote mnakaribishwa kumsindikiza."

Tukaweka na picha yake, ile nzuri, amevaa kilemba cha njano. Tulilisoma mara mbili na likatupendeza. Naapa hakuna hata mmoja wetu aliyesikia tulichokisema.

Sasa mfikirie Ngui pale dukani. Mwanamume huyu ametengeneza matangazo yote ya misiba ya Peres, na Peres hutuma mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Leo anapokea ujumbe kutoka kwa simu ya msusi wa Peres. Na picha. Na kupumzika. Na kusindikiza. Baadaye alituambia kwamba alifunga duka nusu mlango akalia kwanza. Kisha akafanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya: akaiweka picha kwenye duara, akazungusha njiwa weupe, akawasha mishumaa miwili pembeni, na huko nyuma, kwa rangi hafifu, akapandisha mlima ukigusa mawingu. Na kwa kuwa alijua familia ina mengi, akatuondolea mzigo. Alilisambaza tangazo yeye mwenyewe kwenye makundi yetu yote ya simuni.

Jumanne asubuhi mimi nilikuwa na mteja, Peres alikuwa ndani ya stoo akishona hema lililochanika. Wa kwanza kufika alikuwa Gurdeep. Alikuwa amevaa kilemba cheupe badala ya kile chake cha buluu, mikononi shada la maua pana kama ungo. Akasimama mlangoni mwa stoo akivuta pumzi. Peres akatoka, sindano mdomoni.

"Mama," Gurdeep akasema polepole, "wewe si umekufa?"

Peres alitoa sindano akamwuliza nani kasema. Gurdeep akamwambia ni Ngui ametuma tangazo, liko kwa simu. Alikuwa anaitafuta simu mfukoni, shada limemziba uso, wakati tuliposikia kilio kinashuka kutoka upande wa stendi. Kilikuwa kilio cha kwetu kabisa, cha kukimbia huku mikono iko kichwani, na nyuma yake kundi la wanawake, wengine wakiwa na pakiti za sukari na mkungu wa ndizi wa kupeleka matangani. Mbele yao alikuwa Everlyn, kiatu kimoja hana, macho yamezibwa na machozi.

Na hapa ndipo utakapomjua Peres. Mwanamke huyu ameongoza vilio nusu ya maisha yake. Akisikia ukemi, miguu yake haimwulizi. Alidondosha hema akakimbilia wale wanawake, akampokea Everlyn kifuani na kumshika vizuri asianguke.

"Nani?" Peres akauliza.

"Ni Peres," Everlyn akalia begani kwake. "Peres ametuacha."

"Woi. Peres gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkono umejaa povu. Najua ni vibaya kucheka kwenye kilio. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Everlyn alifungua macho, akamtazama huyo aliyemkumbatia, akamgusa shavu, akagusa kilemba, halafu akampiga kofi la bega lililosikika mpaka sokoni, na kumkumbatia tena na kulia upya, safari hii kwa hasira. Wale wanawake wengine hawakujua wafanye nini na ndizi. Mmoja alikuwa amekwisha anza wimbo na ikabidi aumalize, maana hakuna aliyemwambia anyamaze. Kila baada ya muda kidogo kundi jingine lilifika likilia, linamkuta marehemu mlangoni akiwaomba msamaha, na wale waliotangulia wanacheka, na waliofika wanakasirika, kisha nao wanakaa kuwangojea watakaofuata ili wacheke zamu yao. Gurdeep aliketishwa kwenye kiti cha plastiki na shada lake akapewa chai.

Waliposhiba kucheka, Everlyn akasema sasa twende nyumbani, mtu amewapotezea watu siku. Peres alikuwa amesimama katikati yao. Hakupandisha sauti.

"Everlyn, leo umefunga kazi?"

"Nimefunga. Si nilidhani umekufa?"

"Na Ijumaa ungekuja na mimi mpaka Kimilili, ukakaa siku zote tatu."

"Kwani ningekuacha uende peke yako?"

"Basi ni basi hilo hilo," Peres akasema. "Ni barabara hiyo hiyo, na ni siku hizo hizo. Tofauti ni kwamba nitakuwa nimeketi, sijalazwa. Mkinizika sitawaona, Everlyn. Na mimi nataka kuwaona."

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Everlyn alitazama mguu wake usio na kiatu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama huko mlimani kuna baridi, kwa sababu ana masweta ya mitumba ambayo hayajafunguliwa. Mwanamke mwenye ndizi akasema zake atazileta, haziwezi kurudi nyumbani baada ya kutoka kwa ajili ya mtu. Mwingine akakumbuka kwamba mdosi wake tayari amempa ruhusa ya siku tatu na kumpa pole, na kwamba hajaona haja ya kumsumbua tena kwa habari mpya. Mpaka jioni basi lilikuwa limejaa. Gurdeep aliambiwa amehakikishiwa kabla Jumatano haijafika, akasema vizuri, akamwachia Peres lile shada, kwani halikuwa na kazi nyingine.

Ijumaa tulikutana mapema nje ya geti la Mountain View, watu wamevaa masweta ya Everlyn ya kila rangi, Nashon ameshikilia sufuria. Tukaliona basi likikata kona, na kelele zote zikafa. Vioo vya pembeni vilikuwa vimefungwa vitambaa vyekundu, vile vya gari la msiba. Na mlango wa nyuma ulipofunguliwa, viti vya nyuma vyote havikuwapo. Dereva alikuwa amevitoa tangu Jumanne asubuhi, alipoona tangazo, ili jeneza la Mama Peres likae kwa nafasi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia avirudishe. Yule maskini alimwona marehemu amesimama barabarani na kilemba cha njano, akashuka, akapanda tena.

Hakuna aliyetaka kuingia. Tunaijua nafasi ile. Kila mmoja wetu amewahi kusafiri usiku kucha akiwa na mtu wake hapo nyuma, na hata ukiwa na furaha kiasi gani, jicho linaenda hapo. Nilimwona Everlyn akijifunika mdomo. Nilimwangalia Peres, nikaogopa kwamba ule mlima umemponyoka tena, mlangoni mwa basi.

Peres alivua viatu akaviweka kando. Akapanda kwa mlango wa nyuma, akasimama katikati ya nafasi ile, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaipima kama anavyopima uwanja wa kusimamisha hema.

"Hapa si ndipo mahali mmenitengea?" akatuuliza. "Panatosha. Dereva, weka muziki."

Akaanza kucheza. Alicheza kwa mabega, jinsi wanavyocheza kwetu, kilemba kikimwendea upande, huku dereva akihangaika kutafuta wimbo usiokuwa wa maombolezo. Everlyn ndiye aliyemfuata wa kwanza, halafu mimi, halafu Nashon na sufuria yake akiipiga kwa kijiko. Basi zima lilitikisika na hatujatoka getini. Wapita njia walituona na vile vitambaa vyekundu wakavua kofia, kisha wakabaki wameshika kofia wakitushangaa. Tulivifungua baadaye, tukamfungia Peres kwenye kilemba.

Sitakusimulia mlima wote. Fidel alitupokea langoni, na nusu saa ya kwanza ilikuwa kazi yake kuamini kwamba mama mwenye shada la maua shingoni ndiye aliyempigia. Pango tuliliona, na mianzi, na siku ya pili tulipanda mpaka penye upepo, Everlyn akilaani kila jiwe na kukataa kuachwa nyuma. Huko juu mawingu yalifunguka, na Fidel akatuonyesha kwa kidole, mbali chini, upande wa Kimilili. Peres alitafuta kaburi la mumewe kwa macho. Bila shaka halionekani kutoka kule. Akapunga mkono tu upande huo, akasema, "Ni mimi. Nimekuja bila maiti." Halafu akaketi kwenye jiwe akatazama, mikono mitupu mapajani, na hakuna aliyemwita kuja kugawa chakula.

Juzi alikaa tena kwenye kiti changu, nywele nusu zimesukwa, akachukua simu. Alikuwa na jambo la kumwuliza Everlyn kuhusu hema, jambo la kazi tu. Akafungua sauti kama kawaida yake. Simu ikalia mara mbili, ikapokewa, na nyuma tukasikia soko la Waithaka na mtu akiitisha bei ya sweta.

"Wapi?" Everlyn akauliza.